Altezza imepita, ila masega nimeyarudisha

Kaka Idi,

Salaam aleikum mzee. Habari za Gerezani hapo Dar, shemeji na watoto wote hawajambo? Sisi huku Reading, Uingereza, wazima kabisa, baridi tu ndo imeanza kushika. Nimeona nikae nikuandikie maana ile siku uliyopiga nilikuwa niko zamu ukauliza ukaguzi wa gari nikakujibu kwa mkato "imepita", we ukafurahi ukasema si nilikwambia, afu simu ikakatika. Sasa hapana kaka, haikupita hivohivo, ilifeli kwanza, na ikafeli tena mara ya pili, na kuna jambo moja humu ndani linakuhusu wewe na kazi yako ya ufundi, haya masega ya kusafisha moshi kwenye ekzosi, kwa hiyo nataka nikuelezee lote taratibu.

Gari unaijua kwa picha. Toyota Altezza RS200 ya 2001, nyeupe, manyu ya gia sita, ile injini ya 3S-GE ya Beams ambayo tulikuwa tunaisikia inapita Magomeni usiku tumekaa barazani kwa mama yako tunabishana hii Altezza au Chaser, na wewe unapatia kila mara kwa mlio tu. Huku Lexus waliuza ndugu yake, IS200, silinda sita na farasi 155, hii yetu ya silinda nne inatoa 210, kwa hiyo mtu akiitaka lazima itoke Japani. Aliyeniuzia ndo aliyeileta na makaratasi yote alishamaliza yeye, kutoa taarifa kwa watu wa kodi ndani ya siku 14, namba kutoka DVLA, ile ofisi ya usajili wa magari, na kwa kuwa ilikuwa imeshavuka miaka 10 haikuhitaji ule ukaguzi mkubwa wa magari mageni, MOT ya kawaida ilitosha. Yeye alikuwa kaishusha kwa koilova, zile springi na shokamzoba za kurekebisha urefu wa gari, na kuiweka rimu za inchi 18, basi, vingine vyote vilikuwa vya kiwandani na mikononi mwake ilikuwa inapita bila shida. Yaliyofuata niliyafanya mimi.

MOT kama hujawahi kuisikia ni ukaguzi wa kila mwaka kwa gari ikishatimiza miaka mitatu. Herufi zenyewe zilikuwa za jina la wizara ya usafiri ya zamani, ulianza 1960 kwa magari ya miaka 10 na kuendelea, mwaka 1967 wakashusha mpaka mitatu. Hapimi polisi wala afisa wa serikali, anapima fundi wa gereji aliyesomea na kupewa kibali, na bei ina ukomo, haiwezi kuzidi pauni 54.85 kwa gari ndogo. Tangu Mei 2018 kasoro wanazigawa, kuna ya hatari ambayo hata kuondoka nayo huruhusiwi, kuna kubwa, hiyo umefeli, kuna ndogo, na kuna ya kukutahadharisha tu.

Mi nlipata kubwa nne. Na zote nne kaka ni vitu nilivyogusa mwenyewe.

Ya kwanza taa ya ukungu ya nyuma. Huku gari yoyote kuanzia Aprili 1980 lazima iwe na taa nyekundu ya ukungu nyuma, na ikiwa ni moja tu ikae katikati au upande wa dereva, yaani kulia. Magari mengi ya Japani hayaji nayo kwa sababu kule si lazima, kwa hiyo yanafungwa yakifika huku. Yule bwana alikuwa kaifunga vizuri kulia, mimi nilipobadilisha bampa ya nyuma nikaona kushoto ndo kuna nafasi nikaihamishia kule, waya nikaunga safi, inawaka na kitaa chake kinawaka kwenye dashibodi, moyo umetulia. Mkaguzi alizunguka nyuma akaangalia mara moja akaandika. Ukiwaza ni kweli, taa ile ni ya kumwonyesha anayekuja nyuma yako kwenye ukungu, naye akiona taa moja upande wa kushoto atadhani gari yako yote iko kushoto zaidi ya ilipo.

Ya pili balbu za zenoni. Taa za gari yangu ni za halojeni, kioo chake cha ndani kimechongwa kwa balbu ya halojeni, ukichomeka zenoni au LED mwanga unatawanyika unampiga anayekuja mbele machoni, na kwenye MOT taa ya halojeni iliyogeuzwa kuwa ya zenoni haipiti, hata ukijitahidi kuishusha. Nilizirudisha za kawaida, pauni chache tu, na wallahi barabara naiona vizuri zaidi mvua ikinyesha.

Ya tatu usukani. Unaukumbuka ule wa spoti nilikutumia picha ukaupenda, mdogo, wa ngozi? Gari iliyotoka kiwandani na eabegi kwenye usukani, eabegi ikikosekana umefeli. Bahati yule bwana alinipa wa kiwandani ukiwa kwenye boksi siku nanunua, nikaurudisha.

Ya nne ndo masega.

Kaka sikulaumu, nataka uelewe hivyo tangu mwanzo. Nilikuuliza kwenye simu gari inaonekana nzito kwenye gia ya tatu, ukanijibu kama unavyomjibu kila mteja, "toa masega ipumue", na mimi nakuamini kuliko fundi yeyote duniani, wewe ndo ulinifundisha kushika spana. Nikapeleka kwa jamaa mmoja wa kuchomelea akaikata akaweka bomba limenyooka. Mlio ukawa mtamu, hilo siwezi kukataa. Nguvu je? Nimeendesha mwaka mzima kaka na sioni tofauti yoyote. Uzito wenyewe tulikuja kuugundua baadae, ni plagi zilikuwa zimechoka.

Sasa siku ya ukaguzi. Gari iko juu kwenye lifti, mkaguzi mtu mzima, mpole, haongei sana, anatembea chini na tochi anafuata ekzosi kutoka kwenye injini kurudi nyuma. Alipofika pale masega yalipokuwa yanakaa akasimama. Akagusa lile bomba kwa kidole, akaangalia weldi ya mbele akaangalia weldi ya nyuma, akaniita nije nione. Akasema gari hii ilizaliwa na kitu hapa na sasa hakipo, kwa hilo peke yake imefeli, hata kabla sijapima moshi. Afu akaishusha akapima, maana lazima apime. Kile kijiti wanakichomeka kwenye ekzosi, injini ikiwa ya moto wanaishikilia mizunguko 2,500 mpaka 3,000, na namba zinapanda kwenye skrini. CO, yaani kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu, yangu asilimia 0.87, imevuka kikomo mbali. HC, yaani petroli isiyoungua, isizidi 200, yangu 240. Nilisimama pale naziangalia zile namba, nikamkumbuka mwanangu Zuu.

Maana kaka, mwezi mzima mama yake alikuwa ananiambia sweta ya shule ya mtoto inanuka petroli nami nasema ni pampu kwenye sheli, nikijaza mafuta mikono inashika. Zuu anakaa nyuma, anapenda kioo kiwe wazi kidogo, na tukisimama kwenye foleni ule moshi unarudi ndani. Kinachonuka pale ni petroli ambayo haikuungua yote. CO yenyewe hainuki kabisa, ndo ubaya wake, unaivuta hujui. Masega kazi yake ni hiyo, ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu zimepakwa kwenye vile vitundu, moshi ukipita wa moto CO inageuka kuwa kaboni dioksaidi, petroli iliyobaki inageuka maji na kaboni dioksaidi, na zile oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Mi nimekata kitu hicho mwenyewe, na mwanangu nimemkaza mkanda siti ya nyuma. Usiku ule sikulala vizuri.

Nikanunua masega mapya, ya spoti, vitundu 200 kwa inchi ya mraba, yana nafasi kubwa kuliko ya kiwandani kwa hiyo hayabani injini. Yakachomelewa, nikarudi siku ya nane, maana ukirudi palepale ndani ya siku 10 za kazi hawarudii ukaguzi wote, wanaangalia yale yaliyofeli. Taa sawa, balbu sawa, usukani sawa. Moshi, CO 0.09, nikashusha pumzi. Afu mkaguzi akatikisa kichwa, lambda, kile kipimo cha hewa kwa petroli, 1.06. Inatakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03. Imefeli tena.

Hapa utapapenda we kama fundi. Nikajua sensa ya oksijeni imekufa, nikaanza kuhesabu pesa kichwani. Kijana mmoja wa palepale gereji akaniambia subiri kwanza usinunue kitu. Akachukua tambara nene akaziba mdomo wa ekzosi kidogo injini ikiwa sailensa, inazunguka bila kukanyagwa mafuta, akapulizia maji ya sabuni kwenye kila kiungio, kama tunavyotafuta pancha. Kwenye flenji ya nyuma ya masega mapya povu likaanza kutoka, vipovu vidogovidogo vinapumua kwa mapigo ya injini. Gasketi ya zamani ilirudishwa ikiwa imeshajikunja. Injini ikizunguka kuna vipindi moshi unavuta badala ya kusukuma, hewa ya nje inaingia kwa kile kitundu, mashine inasoma oksijeni nyingi inadhani injini inaungua na hewa kupita kiasi. Kumbe injini haina kosa lolote. Gasketi mpya, bolti mbili mpya, kesho yake nikaiendesha dakika 25 barabara kubwa ndo nikaingia, kwa sababu masega hayafanyi kazi yakiwa baridi, yanahitaji joto kama la nyuzi 300 kwenda juu. Lambda 1.01. Imepita. Waliniandikia tahadhari moja tu, tairi za nyuma zimelika upande wa ndani kwa vile gari iko chini, alaimenti naifanya wiki ijayo inshallah.

Sasa ombi langu kaka. Acha kuwatoa watu masega.

Najua utasema mafuta ya kwetu yanayaua. Hiyo ilikuwa kweli enzi za petroli yenye risasi, risasi inafunika ile platinamu na masega yanakufa kabisa, ila petroli hiyo iliondolewa Afrika yote ya kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Miaka mingapi hiyo? Utasema yanaziba. Yanaziba kweli, ila hayazibi yenyewe, yanaziba kwa injini inayokula oili au silinda inayomisi, petroli mbichi inaenda kuungulia mle ndani mpaka vitundu vinayeyuka. Sasa ukiyagonga na nondo ukayatoa mteja anaondoka na furaha lakini ule ugonjwa umebaki kwenye injini, na we ni fundi mzuri mno kwa kazi ya namna hiyo. Angalia koili, angalia plagi, angalia kama moshi ni wa bluu, ndo umwambie mteja tatizo liko wapi. Na utasema huku hakuna anayepima. Hilo ndo linaloniuma zaidi, maana foleni ya Magomeni saa kumi na moja jioni ina watoto wangapi wamepakatwa kwenye daladala vioo wazi? Watoto wako wamo humo. Mama zetu wanakaanga mihogo pembeni ya barabara humohumo.

Nimelifikiria sana kabla ya kukuandikia, usinichukulie kama mtu aliyekaa ulaya anakuja kufundisha watu. Kosa nilifanya mimi, tena huku kwenye sheria zote.

Kuhusu mdogo wako Faki wa Birmingham anayetaka ile Chaser, mwambie asitoe hata pauni moja kabla hajaingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, historia ya MOT yote iko pale bure, imefeli nini, lini, odomita ilisoma ngapi. Muuzaji akisema haijawahi kusumbua yeye asome mwenyewe. Na hiyo tinti nyeusi anayoiwaza vioo vya mbele aachane nayo, MOT hawaipimi lakini polisi wanayo mashine, vioo vya pembeni mbele lazima vipitishe mwanga asilimia 70.

Mwisho, nitafutie hapo Gerezani kile kibati cha kuzuia joto kinachokaa juu ya masega ya Altezza, changu yule jamaa wa kuchomelea alikitupa na huku nimekikosa, sakafu inapata moto upande wa abiria. Kama kuna gari imekatwa hapo jirani kitakuwepo. Nipige picha na kipimo cha matundu ya bolti kabla hujalipa. Zuu anakusalimia, anauliza baba mdogo Idi anakuja lini apande gari.

Wako,
Hamisi