Gita uliloniachia

Langoni, Lamu

Sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalamu alaikum. Natumai wewe, mama watoto na watoto wenyewe mko salama huko Malindi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama analalamika magoti kila upepo wa kusi ukizidi. Anakusalimu sana, na anauliza mbona siku hizi humpigii simu.

Nimekawia kukuandikia kwa sababu nina jambo la kukwambia, na nilitaka kwanza niwe na cha kuonyesha. Lile gita lako, ulilomwachia mama ulipohama, lililokaa juu ya kabati miaka 19 ndani ya gunia la mchele, nimeliteremsha. Ilikuwa kaskazi iliyopita, natafuta msumeno. Nikalifuta vumbi, nikapitisha kidole juu ya nyuzi, mbili zikakatika hapo hapo, na zile nne zilizobaki zikalia kama bati. Sikulirudisha kabatini. Tangu siku hiyo nalishika kila usiku baada ya Isha, mama akishalala, juu darini. Niwie radhi kwamba sikukuuliza kwanza.

Wajua mikono yangu ilivyo. Miaka 27 ya kuchonga milango, mkono wa kushoto unashika patasi na wa kulia unapiga nyundo. Nilidhani vidole vilivyokomaa hivi havitaumia na uzi. Kumbe sugu zangu zote ziko viganjani na kwenye maungio, na gita linataka ncha za vidole, mahali ambapo ngozi yangu ni laini kama ya mtu yeyote. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nashika patasi asubuhi kwa uchungu. Wiki ya nne ngozi ikaanza kuwa ngumu, na sasa nikigonga meza kwa kidole cha kati inatoka sauti kavu.

Kabla ya hapo lakini nilikaribia kuliua gita lako, na hili lazima nikueleze. Nilimwagiza mtu nyuzi kutoka duka moja Mombasa, akaja na nyuzi za chuma, muuzaji amemwambia nyuzi ni nyuzi. Nikazifunga. Sauti ilikuwa kali, tamu, nikafurahi. Siku ya tatu naliangalia ubavuni, naona lile daraja linaloshika nyuzi kwenye tumbo la gita limeanza kubanduka kwa nyuma, mwanya wa kupitisha karatasi. Gita lako limeundwa kwa nyuzi za nailoni. Nailoni sita zikikazwa huvuta jumla ya karibu kilo 40. Za chuma huvuta karibu 70. Ni sawa na kumtundika mtu mzima kwenye kibao chembamba kuliko kifuniko cha bweta. Nilizilegeza usiku ule ule, nikasafisha mwanya, nikatia gundi, nikabana kwa jiriwa huku nimetanguliza vipande vya ngozi ili mbao isipate kovu, nikaliacha siku mbili bila kuligusa. Limeshika. Ukija utapitisha kidole na hutajua palikuwa wapi.

Nikiwa na vifaa mkononi nikatazama na mengine. Nyuzi zilikuwa juu mno, ndiyo maana wewe ulikuwa ukisema gita hili linachosha. Halikuwa kosa lako, sahibu. Kile kijiti cheupe kinachobeba nyuzi pale darajani kilikuwa kirefu. Nilikitoa nikakisugua chini kwa msasa, milimita 2 kamili, na ukipunguza 2 pale, katikati ya uzi unapata 1, kwa kuwa upande wa pili haujashuka. Hiyo milimita moja ndiyo tofauti ya mtu kuendelea na mtu kuacha. Wangapi wameacha gita wakijiona hawana kipaji, na tatizo lilikuwa kijiti?

Halafu nikapima shingo, maana mimi sioni ubao nikaacha kuupima. Uzi wako una milimita 650 tangu mwanzo wa shingo hadi darajani. Vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, freti, ya kwanza iko milimita 36.5 kutoka mwanzo. Ya pili imeongeza 34.4. Ya tatu 32.5. Nafasi zinapungua kwa kipimo kimoja hicho hicho: unachukua urefu uliobaki, unaugawanya kwa 17.817, ndiyo nafasi ya freti inayofuata. Ukifika ya 12 uko 325, nusu kamili ya uzi, na sauti inajirudia ile ile ila juu. Uzi wa tano ukiachwa wazi hutikisika mara 110 kwa sekunde, ukibonyezwa freti ya 12 hutikisika mara 220. Nilikaa na rula yangu darini nikicheka peke yangu kwa raha. Mababu zetu walikuwa wakigawanya fremu ya mlango kwa uzi na bikari, na hapa kumbe kuna mtu aligawanya sauti.

Anayenifundisha ni mpwa wangu, wa dada, anayepiga kwenye mashua za wageni kule Shela. Ana miaka 22 na hanionei haya, nami simwonei. Jambo la kwanza aliloniambia ni nisitafute nyimbo, nitafute kuhama. Kodi ni kushika vidole viwili, vitatu au vinne pamoja nyuzi zikalia kwa umoja, na kila moja peke yake si ngumu. Kodi ya E ndogo uliijua hata wewe kwa siku moja. Kazi ni ile nafasi kati ya kodi na kodi. Aliniwekea saa ya simu dakika moja: C, kisha G, kisha C, ahesabu. Usiku wa kwanza nilihama mara 7. Sasa nafika 38. Siri ni kwamba vidole visipande angani, vikae karibu na uzi, vitoke pamoja na vitue pamoja. Nilizoea kuweka kimoja kimoja kama mtu anayepanga vikombe. Alinitoa hapo kwa kunifanya nishike kodi, niachie, nishike tena, niachie, mara hamsini, bila kupiga chochote. Mama akaniuliza mbona leo kimya huko juu.

Ile kodi ya F sasa. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita, na vingine vitatu vinashika mahali pao. Miezi miwili nilikuwa nikipiga, nyuzi mbili zinalia, nne zinakohoa. Nilikuwa nabana kwa nguvu zote mpaka gumba likafa ganzi. Mpwa wangu akaniambia, mjomba, kidole kina tumbo na kina ubavu, tumbo lina mikunjo na uzi unazama mle. Kilaze ubavu kidogo, kwenye mfupa, kisogeze karibu kabisa na freti, na kiwiko kirudi mbavuni. Patasi nayo ni hivyo hivyo, ikikaa kwenye pembe yake nyundo haina haja ya nguvu, nami nilikuwa nikiwafundisha vijana jambo hilo kila siku! Ilikuwa usiku wa Ijumaa, umeme umekatika, mji mzima giza, nasikia mawimbi tu na punda mmoja huko Mkomani. Nikalaza ubavu, nikashusha gumba la kulia kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza polepole. Zikalia zote. Nikashusha tena, nikihesabu, sita. Nilitamani uwepo.

Najua utaniuliza kwa nini si udi. Sisi tumelelewa na udi, Zein l'Abdin, yule mpiga udi mashuhuri, alizaliwa hapa hapa Lamu, na tulipokuwa watoto hakuna harusi iliyopita bila sauti ile. Nimelifikiria sana. Udi hauna freti, mkono wenyewe unatafuta mahali, na kuna sauti za maqamu, ile mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ambazo gita halina. Kwenye rasti, mojawapo ya maqamu hayo, ukianzia uzi ulio wazi, ile sauti ya tatu inakaa kati ya freti ya tatu na ya nne, mahali ambapo hakuna chuma. Nimejaribu kubonyeza ya tatu na kuvuta uzi pembeni. Inakaribia, lakini haiketi. Imenifanya niuheshimu udi zaidi kuliko nilipokuwa nikiusikiliza tu. Ila gita ndilo lililokuwa kabatini, na lilikuwa lako.

Tena gita lina njia yake ya kusema Kiswahili. Mpwa wangu amenisikilizisha Mwenda Jean Bosco, mpiga gita wa Katanga huko Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952. Vidole viwili tu vya mkono wa kulia, gumba na cha shahada, na utadhani wako watatu. Gumba linatembea chini, shahada inaimba juu. Nimeanza kujifunza njia hiyo, gumba peke yake kwanza. Na juzi, bila mtu kunifundisha, gumba likaingia mwendo wa chakacha, mapigo sita ambayo mguu unaweza kuyagawa mawili au matatu, na mama akapiga kofi huko chini. Kumbe hakuwa amelala.

Sijui kuimba na kupiga pamoja bado. Nikifungua mdomo mkono unasimama. Najizoeza kwa kuzungumza kwanza, kusema majina ya watoto wa mtaa mmoja mmoja huku gumba linaendelea.

Nina ombi. Maulidi yanakuja, na ukikosa mwaka huu mama hatakusamehe. Kabla hujapanda basi, nitafutie seti mbili za nyuzi za nailoni, umwambie muuzaji nailoni, uzione kwa macho: tatu nyembamba zenye kung'aa kama mshipi wa kuvulia, tatu zilizozungushiwa waya. Ukifika Mokowe nipigie, nitakuja gatini mwenyewe.

Nimelichongea gita sanduku la mti wa mwembe, kifuniko nimekitia nakshi ya maua kama ule mlango wa kwenu wa zamani. Chini ya maua nimeacha nafasi ya jina. Gita ni lako, na ukitaka kulirudisha Malindi nitalifunga mwenyewe na kulibeba hadi basini. Lakini niambie mapema nichonge jina gani, maana nikishapaka mafuta patasi haishiki vizuri.

Wako,
fundi wa Langoni