Usimwache Subaru njiani

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi. Nasikia Re:Zero, ile katuni ya Kijapani, umeiacha katikati kwa sababu Subaru, mhusika wake mkuu, anakukera. Sikuandikii kumtetea. Anakera kweli, na mwandishi wake, Tappei Nagatsuki, alitaka akere.

Hadithi za namna hii tumezisoma mpaka tumezikinai. Kijana asiye na lolote anagongwa na lori, anazinduka dunia nyingine, anapewa uchawi usio na mfano, na wasichana wanampenda kabla hajamaliza kusalimia. Subaru naye anazijua. Ndiyo maana anapojikuta ugenini, na traksuti yake na mfuko wa dukani mkononi, hababaiki hata kidogo, anachekelea! Anaanza kujipekua kutafuta nguvu zake. Hana. Haujapita muda anapasuliwa tumbo, anakufa, na anazinduka mbele ya muuza matunda yule yule wa mwanzo.

Karama yake ni hiyo tu: akifa, anarudi nyuma. Utasema si haba. Lakini maumivu anayakumbuka peke yake, na akijaribu kumsimulia mtu, kuna mkono unaomminya moyo. Unakumbuka pale kwenye jumba la kifahari? Ameshakaa na wale watumishi mapacha, Ram na Rem, wamemzoea, wanamtania. Usiku anakufa. Anapofumbua macho wanamwita "mgeni". Mimi hapo nilisimamisha nikatoka nje kwanza. Damu zote zilizomwagika kabla hazikuniuma kama neno hilo moja.

Sasa tuje pale ulipokasirika, sehemu ya 13. Ameshajiaibisha mbele ya wakubwa wa ufalme, Julius, mpiganaji wa kifalme, amemchapa kwa upanga wa mbao, halafu bado anamgeukia Emilia, msichana anayempenda, na kumwambia ana deni kwake. Deni gani? Yale aliyomtendea katika siku zilizofutika, ambazo Emilia hazijui wala hana namna ya kuzijua. Wewe uliona mwanamume anayejiona. Nami nilimwona hivyo hivyo, ila nikagundua kuwa ndivyo wanavyofikiri wale mashujaa wengine wote tuliowashangilia: mimi ndiye nguli, kwa hiyo msichana ni haki yangu. Wao dunia huwakubalia. Huyu, Emilia anamwacha na kwenda zake.

Kwa hiyo usiniambie habari za "shujaa wa kawaida". Ukawaida wenyewe ni rahisi, mwandishi yeyote anaweza kumnyima mtu upanga. Nagatsuki amemnyima Subaru hata ile heshima ya kuonekana mwema.

Msimu wa kwanza, ule wa 2016, una sehemu 25, nawe umeuachia pabaya. Nenda mpaka ya 18. Hakuna vita humo. Karibu yote ni Subaru na Rem wanazungumza, na Subaru anayataja mabaya yake moja moja bila kujionea huruma. (Rem, kwa maoni yangu, anasamehe upesi mno. Ningekuwa mimi ningemwacha alie kidogo zaidi.) Msimu wa pili unakwenda taratibu, maneno mengi, hivyo usiukimbilie.

Ukimaliza ya 18 na bado humtaki, niandikie, tutafute nyingine ya kutazama. Ila ya 15 usiitazame usiku.

Wako,
Mwanaidi