Barua kwa mwanangu kabla ya mkutano wako wa kwanza

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimefika. Nimefurahi kusikia kwamba umeripoti salama kwenye kituo chako huko Meru, na kwamba mwisho wa mwezi utasimama kwa mara ya kwanza kama mtendaji kuwasomea wanakijiji taarifa ya mapato na matumizi. Kuhusu hesabu zenyewe sina wasiwasi nawe, maana tangu ukiwa mdogo ulikuwa ukinisahihisha. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya kipaza sauti.

Unakumbuka nilipokuwa kwenye kamati ya maji. Siku ile nilisoma mchango wa kila kaya kuwa shilingi elfu tano, huku karatasi nimeishika kwa mkono mmoja na maiki kwa mkono mwingine. Kila nilipoinama kutafuta mstari, maiki iliteremka hadi kifuani bila mimi kujua. Waliokaa mbele walisikia elfu tano. Akina mama waliokuwa chini ya mparachichi, mwisho kabisa wa uwanja, walisikia elfu tatu, na wiki iliyofuata wakaja na elfu tatu zao mkononi. Nikaambiwa nimepandisha mchango kinyemela. Ilinichukua mikutano miwili kulimaliza jambo lile, na wapo ambao hawajaniamini hadi leo.

Baadaye nilimwuliza kijana mwenye vyombo, akanieleza vizuri. Irabu zina nguvu, zinasafiri mbali. Herufi kama t, n na s ni dhaifu, nazo ndizo hupotea kwanza maiki ikikaa mbali na mdomo. Sasa toa t ya pili katika "tatu" na n katika "tano", uone kinachobaki. Kwa hiyo tarakimu zote ziandike kwa maneno na kwa herufi kubwa, kila fungu uligeuze kwa njia nyingine, mathalani "elfu tano, yaani noti moja ya elfu tano", na karatasi uiweke mezani ili mkono wako uwe na kazi moja tu.

Maiki ikae umbali wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, ikiwa imeinama kidogo pembeni, la sivyo "pembejeo" na "pampu" zitapiga kama mlango uliobamizwa na upepo. Usiifumbe kichwa kwa kiganja kama waimbaji wa harusini, kwa sababu ndipo inapookota sauti ya spika na kuanza kupiga ule mluzi unaotoboa masikio. Kwa sababu hiyo hiyo, usisimame mbele ya spika. Wala usiipulize kuijaribu. Wasalimie watu, utajua kama inafanya kazi.

Jambo moja litakusumbua zaidi ya hayo. Wakifunga spika ya pili mwisho wa uwanja, tuseme mita 100 kutoka ulipo, sauti yako itakurudia ikiwa imechelewa karibu theluthi moja ya sekunde, maana sauti hewani huenda kama mita 340 tu kwa sekunde. Utajisikia mwenyewe ukisema neno ambalo umeshalimaliza, na ulimi utataka kulisubiri. Usilisubiri, bali punguza mwendo, utue kila mwisho wa fungu la fedha, kisha uendelee. Watakaokuambia unachelewesha mkutano ni wale waliokaa mbele, ambao wangekusikia hata bila maiki.

Jumamosi ukija, njoo na taarifa hiyo. Utaisoma ukiwa barazani, bila maiki. Mama yako atakuwa kwenye zizi la ng'ombe, nami nitashuka hadi kwenye mfereji, kila mmoja na kalamu yake. Tukirudi tutalinganisha tulichoandika na kilichomo kwenye karatasi yako.

Ni mimi baba yako.