Salamu za Noeli na Mwaka Mpya kutoka kwa katibu wenu

Tumsifu Yesu Kristo.

Wapendwa wana ukoo mlioko Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo, wanajumuiya wenzangu, na wote mtakaousoma ujumbe huu: kwa niaba ya kamati na kwa niaba yangu mwenyewe, nawatakieni heri ya Noeli na fanaka ya mwaka mpya. Tumshukuru Mungu aliyetufikisha. Tulioanza nao Januari hatuko nao wote.

Kwetu aliyetangulia ni baba. Tulimzika Julai, kahawa ndiyo kwanza inaanza kuiva, na hii ni Noeli ya kwanza tunapanda nyumbani bila kumkuta kibarazani. Tena mwaka wenyewe umekuwa mgumu. Nauli zimepaa, mchele na mafuta ya kula havishikiki, na baadhi yenu mmeshaniambia mtabaki huko huko mliko. Msione aibu. Mbuzi atakuwa mmoja, na mtakumbukwa mezani.

Wiki iliyopita nilifungua ghala lake. Nyuma ya mashine ya kumenyea kahawa, kwenye ukuta wa mbao, bado ipo picha aliyoikata gazetini: askofu mwenye miwani, karatasi imegeuka rangi kwa moshi, msumari mmoja juu, na pembeni baba ameandika kwa penseli, "Mwokozi, 1980".

Nilikuwa mdogo, lakini jioni ile naikumbuka. Betri za redio zilikuwa zimeanikwa juani mchana kutwa ili zipate nguvu za taarifa ya habari. Baba akasikia kwamba katika nchi ya mbali askofu mkuu, Oscar Romero, amepigwa risasi akiadhimisha Misa, katika kanisa dogo la hospitali ya wagonjwa wa saratani. Akazima redio. Baadaye paroko alimweleza kwamba nchi hiyo inaitwa El Salvador, yaani Mwokozi, na kwamba watu wake wanalima kahawa kama sisi. Tangu hapo ikawa kama kijiji cha jirani. Kila Noeli, padre akifika kwenye "leo amezaliwa kwenu Mwokozi", baba alinigusa bega.

Ni nchi ndogo, ndogo kuliko Rwanda. Mwaka 1881 na 1882 serikali yake ilifuta ardhi ya pamoja ya vijiji, kahawa ikapata mashamba makubwa, na wenye ardhi wakawa vibarua katika ardhi ya babu zao. Bei ya kahawa ilipoanguka duniani baada ya 1929, ujira ukakatwa. Januari 1932, katikati ya msimu wa kuchuma, wakulima wa magharibi waliinuka. Jenerali Maximiliano Hernández Martínez aliwajibu kwa risasi: katika majuma machache waliuawa watu kati ya 10,000 na 30,000, wengi wao wenyeji wa asili. Waliosalia wengi waliacha mavazi yao na lugha yao ili wasitambulike. Fikirini mama anamkataza mtoto kuongea lugha ya nyumbani ili apone. Karibu miaka 50 iliyofuata, wanajeshi ndio walioshika nchi.

Romero aliwekwa askofu mkuu Februari 1977, na wakubwa walimwona mtu mpole asiye na madhara. Mwezi mmoja tu baadaye rafiki yake, Padre Rutilio Grande, aliuawa barabarani akienda kusoma Misa, pamoja na mzee mmoja na kijana mmoja. Kosa lake lilikuwa kukaa na wakulima katika vikundi vidogo, wakisoma Injili na kuzungumzia ujira wao. Wanajumuiya wenzangu, miaka hiyo hiyo ya 1970 maaskofu wetu wa Afrika Mashariki nao walituagiza tuanzishe jumuiya ndogo ndogo. Sisi tulisoma Injili sebuleni, tukanywa chai, tukarudi kulala. Wenzetu waliilipia damu.

Mkesha wa Noeli wa 1979, Romero aliwaambia waumini wasimtafute Mtoto Yesu katika sanamu nzuri za pangoni, bali kwa watoto waliolala na njaa usiku ule, na kwa wauza magazeti wadogo wanaojifunika magazeti milangoni pa watu. Miezi mitatu kamili baadaye akauawa. Vita kati ya serikali na waasi vikalipuka, miaka 12, watu kama 75,000 wakafa. Wiki mbili kabla ya Noeli ya 1981, katika kijiji cha El Mozote na vitongoji vyake, jeshi liliua watu wanaokaribia elfu moja, wengi wao watoto.

Nawaambia haya sikukuu kwa sababu ya tarehe moja. Usiku wa Desemba 31, 1991, huko New York, siku ya mwisho ya Javier Pérez de Cuéllar kuongoza Umoja wa Mataifa, serikali na waasi walikubaliana saa sita ya usiku ikibisha hodi. Mezani palikuwa na suala la jeshi, la polisi, na la ardhi. Wakatia saini Januari 16, 1992, huko Meksiko. Machungu hayakuisha. Sheria ya msamaha ya 1993 iliwakinga wauaji mpaka ilipofutwa 2016, na leo, ingawa magenge ya wahalifu yamenyamaza na wengi wanafurahia hilo, tangu Machi 2022 nchi iko chini ya hali ya dharura na makumi ya maelfu wako gerezani, wengi bila hukumu. Wapo kina mama huko watakaokula Noeli bila kujua mtoto wao yu hai au la. Tuwaombee.

Ndugu zangu, tusipambe pango huku dada wa kazi hajalipwa mshahara wake. Mlipe leo, apate nauli naye amwone mama yake. Kijana aliyekuchumia kahawa, mpe chake kabla hujanunua soda. Mjane asinyang'anywe kihamba, shamba la nyumbani, kwa kisingizio cha mila. Waliouana miaka 12 waliketi wakaongea. Sisi tuliotoka tumbo moja tunashindwa na nini?

Nami sina haki ya kuwahubiria kabla sijasema hili. Tangu mazishi ya baba, mimi na mdogo wangu hatusemezani, kwa sababu ya mstari mmoja wa migomba. Masale, mimea yetu ya kuonyesha mpaka, niliyang'oa mimi, usiku. Mdogo wangu, najua utausoma ujumbe huu. Jumapili baada ya Misa ya kwanza nitakuja kwako na jani la sale mkononi, ishara yetu ya kuomba msamaha. Nifungulie.

Kikao cha ukoo ni tarehe 26, saa nne asubuhi, pale kwa baba. Noeli njema kwenu nyote, na Mungu awajalie mwaka mpya wenye afya, amani na baraka tele.