Kuzunguka Iceland kwa gari la kukodi

Mhariri,

Wanaopanga kuzunguka Iceland kwa gari huulizia bei ya kukodi kabla ya barabara zenyewe, na hasara huanzia hapo. Barabara namba 1 inayozunguka kisiwa ina takriban kilomita 1,320. Tafadhali wasiibane katika siku nne. Kumi ndizo zinazofaa. Kikomo cha mwendo ni kilomita 90 kwa saa kwenye lami na 80 kwenye changarawe, na gari huteleza pale lami inapokatika ghafla. Punguza mwendo kabla ya kufika hapo.

Namba za njia za nyanda za juu huanza na herufi F. Kwa kawaida hufungwa hadi Juni, na sheria inataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Lakini kuruhusiwa kupita si kulindwa: bima ya kawaida hailipi injini iliyoingia maji mtoni. Mito itokayo kwenye barafu hujaa alasiri, jua likishaiyeyusha. Vuka asubuhi, na kama huoni kina chake, geuza gari.

Upepo nao hung'oa milango, na hasara hiyo mara nyingi ni ya aliyelikodi gari. Egesha pua ikielekea upepo, kisha ushikilie mlango unaposhuka.

Vituo vingi vya mafuta havina wahudumu. Beba kadi yenye namba ya siri. Madereva wetu wa Kenya na Tanzania wakumbuke kuwa kule huendeshwa upande wa kulia, taa zikiwaka hata mchana.

Msomaji wenu,
Mombasa