Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Waliofundishwa dharura wabaki dharura

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa wakuu wetu wa kazi hazikujibiwa, na kwa sababu orodha ya uhamisho iliyotoka juzi imewang'oa idara ya dharura wauguzi na matabibu waliomaliza mafunzo hivi karibuni. Wengine wamepangiwa kliniki ya macho, wengine wodi ya wazazi. Wanaokuja kushika nafasi zao ni wachapakazi, lakini kazi hii hawajafundishwa, na mgonjwa asiyepumua hawezi kuwasubiri wajifunze.

Mei 2019 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu huduma za dharura. Nchi wanachama zilihimizwa kuwafundisha watoa huduma wote wanaohusika na kuingiza dharura kwenye mitaala ya vyuo. Wizara ilituahidi kulitekeleza. Tunaikumbusha ahadi hiyo.

Kozi ya msingi ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2018, inafundisha mpangilio: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, ufahamu, kisha kumvua mgonjwa nguo na kumkagua mwili mzima. Tatizo la hatua moja hutatuliwa kabla ya kwenda inayofuata. Mpangilio huo kichwa hukishika kwa siku chache. Mikono haishiki upesi hivyo, na isipotumika, ndani ya miezi michache husahau.

Chukua mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa. Mtu mmoja anabana barakoa usoni kwa mikono miwili huku akiinua taya, wa pili anakamua: kwa mtu mzima, mara moja kila sekunde 6, kiasi cha kuona kifua kikiinuka tu. Asiyezoezwa, akishikwa na hofu, hukamua harakaharaka. Hewa inaingia tumboni, mgonjwa anatapika, matapishi yanashuka mapafuni. Presha ya kifuani nayo inapanda na damu inayorudi moyoni inapungua. Mara nyingine mpira wa oksijeni haujaunganishwa kabisa na hakuna aliyetazama.

Au mgonjwa aliyepatwa na mzio mkali, koo linafunga na presha inaporomoka. Dawa yake, kwa mtu mzima, ni adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja, upande wa nje, na kurudia baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Kichupa kina miligramu 1, kwa hiyo ni nusu yake. Asiyefundishwa huanza na dawa za kuzuia mwasho, akisubiri zifanye kazi ambayo haziwezi. Mwingine husukuma kichupa kizima kwenye mshipa, na moyo unaanza kwenda mrama.

Dripu ndiyo inayotuumiza zaidi, maana kila mtu anadhani anaijua. Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara anahitaji maji mengi, tena haraka. Lakini utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011 ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa zaidi ya wale ambao hawakumiminiwa. Chupa ni ileile, sindano ni ileile. Kinachotofautisha ni mtu anayejua kumtazama mtoto, kumpima upya kila baada ya kiasi kidogo, na kusimamisha maji pumzi inapoanza kwenda mbio.

Pumzi hizo zenyewe hazihesabiwi. Fungua mafaili, utakuta kila mgonjwa anapumua mara 20 kwa dakika. Kuhesabu kunataka dakika nzima na saa yenye mshale wa sekunde, na zamu yenye watu wachache haitoi dakika hiyo. Ilhali upumuaji ni miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilika mgonjwa anapozidiwa.

Tunavyodhani, wanaopanga uhamisho wanaona kada na idadi tu: muuguzi ni muuguzi, popote atafaa. Huenda pia mafunzo yanahesabiwa kwa vyeti vilivyotolewa, kwa hiyo semina ikifungwa, kazi imeisha kwenye ripoti.

Tunaomba waliofundishwa wakae idara ya dharura angalau miaka miwili. Tunaomba mazoezi ya dakika 15 kila wiki, humohumo idarani, kwa vifaa vilevile tunavyotumia, wauguzi na madaktari pamoja. Tunaomba kila zamu iwe na mzoefu mmoja asiyepangiwa wagonjwa wake, ili asimame kando ya daktari mpya na kumrekebisha papo hapo.

Kama yote hayo ni mengi kwa sasa, Mheshimiwa, tunaomba hili moja: simamisha orodha ya uhamisho wiki hii, kabla waliofundishwa hawajaripoti vituo vyao vipya.

Wako katika kazi,
Watumishi wa idara ya dharura