"Hukuuliza, mama"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi cherehani hapa Mji Mpya, Morogoro. Kazi hii niliianza mwaka 1985 nikiwa na miaka 19, barazani kwa mama yangu, na sijawahi kuandika gazetini. Leo naandika kwa sababu ya mashine moja iliyofunikwa kanga kwenye kona ya duka langu, na kwa sababu ya jibu nililopewa nilipoomba itengenezwe.

Lakini nianze na cherehani nyingine, ile ya miguu, Singer, ambayo mama aliinunua mwaka 1976 kwa mfanyabiashara aliyekuwa anahama mji. Hata siku hiyo haikuwa mpya. Mkanda wake wa ngozi nimeubadili mara nyingi; ukilegea naukata kipande, natoboa tundu jipya kwa msumari, naunga kwa kipande cha waya, kazi inaendelea. Kikombe cha bobini nimebadilisha mara tatu. Skrubu ya mguu ikipotea naipata sokoni, na vipuri vya Butterfly vya kutoka China vinaingia kwenye yangu bila ugomvi. Kila Jumamosi jioni naifungua, natoa nyuzi zilizonasa, natia matone ya mafuta. Hakuna sehemu ya cherehani ile ambayo mkono wangu haujaifika. Nimeshona nayo sare za shule za watoto ambao sasa wananiletea sare za watoto wao.

Agosti 2023 nilinunua cherehani ya umeme ya kudarizi, yenye kioo kidogo cha kuchagulia maua. Nilikwenda Kariakoo mwenyewe nikalipa 1,450,000. Kati ya hizo, 800,000 zilikuwa za mkopo wa kikoba, na marejesho nilimaliza Juni mwaka uliofuata. Napenda niseme wazi kwamba mashine ile niliipenda. Shingo ya gauni ambayo kwa mkono inanichukua siku nzima na nusu ya pili, yenyewe iliimaliza kwa nusu saa, na mteja alinilipa 15,000 akiondoka anatabasamu. Msimu wa harusi na vipaimara wa mwaka ule nililala saa sita za usiku kwa wingi wa kazi. Kwa hiyo asije mtu akasema mama huyu ni mzee, anaogopa vitu vipya. Siviogopi. Nilikopa ili nivipate.

Oktoba 2024, miezi 14 tangu niinunue, kioo kikazima katikati ya ua. Motaa ilikuwa inalia kidogo, taa inawaka, lakini mashine haijui tena ifanye nini. Nikampelekea fundi redio wa karibu na soko, kijana ninayemwamini kwa sababu amewahi kufufua pasi yangu, feni yangu na redio ya jirani. Skrubu za chini zilikuwa na kichwa chenye tundu la nyota na kipini katikati, bisibisi yake haikuingia hata moja. Akachukua bomba la kalamu ya Biki, akaliyeyusha ncha kwa kiberiti, akaligandamiza kwenye skrubu likashika umbo lake, likapoa, akazungusha. Zikafunguka zote sita. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa akili aliyompa kijana yule.

Ndani akakuta bodi imemwagiwa gundi nyeusi ngumu kama lami, na kwenye kile kipande kikubwa cha katikati maandishi yamekwaruzwa. Akaniambia, "Mama, hapa aliyetengeneza hakutaka mtu ajue ameweka nini. Ningejua jina lake ningekitafuta. Hivi sijui hata niulize nini."

Nikafunga safari ya Dar es Salaam na treni ya umeme, nauli 13,000, chini ya saa mbili nikawa nimefika. Hiyo nayo ni teknolojia, na naishukuru, kwa sababu zamani safari hiyo ilikuwa inakula siku yangu yote. Pale dukani nikamkuta kijana yule yule aliyeniuzia. Alinipokea kwa heshima, akanipa kiti na maji. Akaniambia waranti ilikuwa ya mwaka mmoja na imepita. Bodi haiuzwi peke yake, wao wanaagiza mashine nzima. Kama nataka, nichukue nyingine, atanipunguzia 100,000.

Nikamwambia, "Mwanangu, maneno haya ungeniambia siku ile natoa pesa."

Akanijibu, "Hukuuliza, mama."

Ndugu Mhariri, hakunijibu kwa jeuri. Alisema kweli tupu, na ndiyo maana jibu lile limenikaa kifuani mpaka leo. Sikuuliza. Katika umri wangu wote sikuwahi kulazimika kuuliza kama kitu ninachonunua kinafunguka. Baba yangu alikuwa na redio ya Philips iliyotengenezwa Arusha, nchini mwetu humu, ikitumia betri kubwa za National zilizotengenezwa Dar es Salaam. Ndani ya mfuniko wake palikuwa na karatasi yenye mchoro wa nyaya zote. Fundi alikuwa akija nyumbani, anaifungua kwa bisibisi ya kawaida, anausoma mchoro ule kama barua. Aliyeitengeneza redio ile alijua kwamba siku moja itaharibika, na alimwachia maelekezo mtu asiyemjua.

Sasa nitazame simu. Kitochi changu cha kwanza, betri ikichoka nilibonyeza mgongo kwa kidole gumba, natoa, natia nyingine ya 5,000. Simu niliyo nayo sasa betri yake imevimba hadi kioo kimeinuka upande mmoja. Fundi anasema imegundishwa, lazima apashe kioo moto ili akitoe, na kikipasuka hasara ni yangu. Simu yenyewe haina ubaya mwingine. Inapiga, inapokea, wateja wananitumia picha za mishono kila siku. Inakwenda kufa kwa ajili ya gundi.

Na kuna hili la simu za mkopo, ambalo linaniuma kuliko hata cherehani yangu. Jirani yangu anauza vitumbua. Alichukua simu ambayo dukani kwa pesa taslimu ilikuwa 250,000. Alitanguliza 60,000, kisha 1,200 kila siku kwa siku 365. Nilikaa naye na daftari tukapiga hesabu, ni 498,000. Kwa hiyo alinunua simu mbili akapewa moja. Hayo tuyaache, alikubali mwenyewe kwa sababu 1,200 kwa siku inaonekana ndogo, na mtu wa vitumbua hapati 250,000 kwa mkupuo.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba mjukuu wake alilazwa, akakosa kuuza siku tatu, akakosa kulipa, na usiku wa tatu simu ikajifunga akiwa wodini. Ndugu walikuwa wametuma pesa za dawa kwenye laini yake, ziko mle ndani, na yeye anatazama kioo kinachomwambia alipe kwanza. Alizunguka usiku ule akiomba mwenye kitochi amwazime aweke laini. Alipata kwa muuguzi mmoja, Mungu ambariki. Mimi nashona kwa mkopo pia. Mteja asiponilipa namfuata, namkumbusha, nikikasirika nasema. Lakini sijawahi kumvua mtu gauni barabarani.

Watu wataniambia dunia ndiyo imekwenda huko, vitu vya sasa ndivyo vilivyo. Mimi siamini, na sababu zangu ziko nyumbani kwangu.

Mita yangu ya LUKU, ile ya kununua umeme kwa namba, ni ya zamani. Mwaka 2024 tuliambiwa mita za namna hiyo, si za Tanzania peke yake bali za dunia nzima, zinahesabu dakika tangu mwaka 1993 na hesabu yake ingefika mwisho tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo zisingepokea umeme mpya. Nilijua litakalofuata: tutaambiwa tununue mita. Haikuwa hivyo. Niliponunua umeme nilipewa mafungu matatu ya namba, kila moja tarakimu 20. Nikaingiza la kwanza, la pili, kisha la tatu lenye uniti zangu. Macho yangu si mazuri, nilimwita mtoto wa jirani anisomee. Kazi ikaisha. Mita ile ile ipo ukutani na inafanya kazi. Aliyeibuni kwa hiyo aliacha mlango wa kuihuisha, na waliohusika waliutumia.

Tena, matangazo ya TV ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, kisha mikoa mingine ikafuata, TV yangu ya chogo haikwenda jalalani. Niliunganisha king'amuzi, na hadi leo natazama taarifa ya habari nikikunja mapindo. Tulilalamika sana wakati ule juu ya gharama ya king'amuzi, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini chogo liliokoka.

Kwa hiyo inawezekana. Kitu cha zamani kinaweza kupewa uhai mpya pale aliyekitengeneza anapotaka, au anapolazimishwa. Huko Ufaransa, kuanzia Januari 2021, simu na TV zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowekewa alama dukani kati ya 0 na 10 kuonyesha ni rahisi kiasi gani kuvitengeneza vikiharibika, na katika alama hiyo upatikanaji na bei ya vipuri vilihesabiwa. Umoja wa Ulaya nao umepitisha kanuni kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo, ukiondoa vichache vilivyosamehewa, ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Mwanangu ndiye aliyenisomea hayo, nikamwambia arudie. Kama wale wenye pesa kuliko sisi wanaona ni hasara kununua kitu kisichotengenezeka, sisi tunaokopa kikoba tunasubiri nini?

Wala tusiseme serikali yetu haina mkono mrefu kiasi hicho. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchi nzima. Sote tulibonyeza *#06# kutazama namba ya utambulisho ya simu zetu. Waliweza kujua simu ipi ni halali na ipi ni bandia. Basi wanaweza pia kumwambia mwagizaji: ukileta mashine, leta na vipuri vyake, na kwenye boksi andika kwa Kiswahili ni kwa miaka mingapi vitapatikana na kwa bei gani. Kama simu ya mkopo inaweza kufungwa kutoka mbali, iandikwe kwa herufi kubwa, na isiruhusiwe kumzuia mtu kufikia pesa zake mwenyewe. Nayaelekeza haya kwa Shirika la Viwango na kwa Tume ya Ushindani, na kwa wabunge wetu wa Morogoro ambao wengine nimewashonea.

Jambo moja zaidi. Hapa kwetu kuna chuo cha ufundi cha VETA pale Kihonda. Vijana wanasoma umeme, wanahitimu, wazazi tunashangilia na maua ya karatasi shingoni mwao. Kisha wanarudi mtaani wanakutana na skrubu za nyota, gundi nyeusi na maandishi yaliyokwaruzwa. Yule fundi wangu wa redio anaanza kuuza kava za simu, kwa sababu anasema kutengeneza hakumlishi tena. Mtu aliyefungua skrubu sita kwa bomba la kalamu anauza kava. Nikifikiria hilo silali.

Wasomaji wenzangu, hasa akina mama wa vikoba, nawaomba muulize. Kabla hujahesabu noti, muulize muuzaji kinafunguka kwa bisibisi gani, bodi inauzwa wapi, betri inatoka vipi. Akijibu hajui, mwambie asubiri, ukaulize duka la pili. Mimi tangu Oktoba ile nauliza. Juzi nimenunua pasi, nikamwomba muuzaji aifungue mbele yangu. Alinitazama sana, lakini aliifungua.

Cherehani ya kudarizi bado ipo. Sijaitupa na sitaitupa; risiti ninayo na skrubu zake sita nimezifunga kwenye kitambaa. Fundi yeyote anayejua bodi ya namna ile inapatikana wapi, au anayeweza kuisoma bila maandishi, aje aitazame. Nipo mtaa wa nyuma ya msikiti, nafungua saa mbili asubuhi, na ukinikosa nimekwenda sokoni kununua bobini.

Mama Fundi,
Mji Mpya, Morogoro